UZI: Mshindani wa Formula 1 anaweza kutoka nje ya Formula 1?

Mzee wa Tairi (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Kila baada ya miaka michache huzuka habari kwamba kuna tajiri, au kundi la matajiri, linaloandaa mashindano mapya ya magari ya magurudumu wazi (yasiyofunikwa na bodi, kama ya Formula 1), na kwamba safari hii Formula 1 imepata mwenziwe. Mada hiyo ilianza kuufunika uzi wetu wa matokeo, kwa hiyo nimeona niitenge hapa. Nautanguliza msimamo wangu ili asiyekubaliana nao ajue pa kuanzia: mashindano mapya yanaweza kujitegemea, yakapata watazamaji na hata faida, lakini aliyewahi kuitia Formula 1 hofu ya kweli hajatoka nje hata mara moja. Waliotisha ni waliokuwa ndani, na wao mara zote walikuwa wakidai mgawo mkubwa zaidi.

Desemba 2005 nilikuwa kibarua Dubai, na mwenzangu mmoja wa Unguja alinishawishi tutumie siku yetu ya mapumziko kwenda Dubai Autodrome kutazama A1 Grand Prix. Mashindano yale yalikuwa machanga, yameanza Septemba mwaka huohuo pale Brands Hatch, Uingereza, na yalianzishwa na Sheikh Maktoum Hasher Maktoum Al Maktoum wa familia inayotawala Dubai. Wazo lenyewe lilikuwa tamu: magari yote ni ya aina moja, chasi ya Lola na injini ya Zytek, na timu si za makampuni bali za mataifa. Mbele yetu waliketi madereva wa teksi wa Kipakistani, wapatao kumi, wakiwa wamejifunga bendera, na kila gari la kijani na nyeupe lilipopita walisimama wote kwa pamoja, ingawa halikuwa karibu na kuongoza. Nakiri kwamba sijawahi kuona mapenzi ya namna ile katika mbio za magari. Lakini tulipokuwa tukirudi, yule mwenzangu aliniuliza jina la aliyeshinda, nami, niliyekuwa nimekodoa macho saa nzima, nikamtajia nchi. Jina la dereva sikulijua.

Jambo hilo dogo ndilo lililokuja kuwaponza. Bingwa wa msimu wa kwanza alikuwa Ufaransa, wa pili Ujerumani, wa tatu Uswisi, wa nne Ayalandi, na katika orodha hiyo hamna jina la mtu ambalo kijana anaweza kulibandika ukutani. Msimu wa 2008/09 walileta gari jipya lenye injini ya Ferrari, lililochukua mengi kutoka kwa Ferrari ya 2004 iliyompa Michael Schumacher ubingwa wa saba, yaani kwa upande wa mashine hawakuwa watu wa mchezo. Katikati ya 2009 kampuni iliyoyaendesha ikawekwa mikononi mwa wafilisi, magari yakazuiliwa Uingereza, na Oktoba ilipofika, waandaaji wa Surfers Paradise kule Australia, waliokuwa wamejiandaa kuyapokea kwa ajili ya kufungua msimu, wakajaza nafasi yao kwa mbio za magari ya kawaida ya nchini mwao.

Superleague Formula ilipita njia hiyohiyo kwa mwendo wa haraka zaidi. Ilianza Donington mwaka 2008, injini ya V12 ya nguvu za farasi 750, na timu zikavaa rangi za klabu za mpira: Liverpool, AC Milan, Anderlecht na nyinginezo. Beijing Guoan ndiyo iliyotwaa ubingwa wa kwanza. Ninyi mashabiki wa Liverpool mliomo humu, ni wangapi mnajua kwamba klabu yenu ni bingwa wa mbio za magari wa mwaka 2009? Kufikia 2011 yalifanyika matukio mawili tu, Assen na Zolder, kisha kimya.

Watu wengi hudhani shida ya mashindano haya ilikuwa fedha au kasi. Kasi ilikuwepo, na fedha, angalau mwanzoni, zilikuwepo. Kilichokosekana ni vitu ambavyo havinunuliki kwa msimu mmoja: jina lililojengwa tangu mbio za kwanza za ubingwa, Silverstone ya Mei 1950, timu ambazo babu na mjukuu wanazishabikia kwa pamoja, viwanja vyenye kumbukumbu, na madereva ambao ndio bora duniani na kila mtu anajua kwamba ndio bora. Ukiwa na kimoja tu kati ya hivyo huna kitu, maana kila kimoja huvutwa na vingine. Dereva huenda ziliko timu, timu hukaa yaliko mapato ya matangazo, televisheni hulipia walipo madereva, na duara hilo limefungwa kiasi kwamba mgeni hana pa kuingilia.

Tazameni mbio za Formula 1 za Indianapolis, Marekani, tarehe 19 Juni 2005. Magari 20 yalitoka kwa mzunguko wa kupasha tairi, kisha 14 ya Michelin yakaingia kwenye vibanda vya mafundi kwa sababu tairi zake hazikuwa salama kwenye kona iliyoinuka, na magari sita tu ndiyo yaliyoshindana mbele ya umati uliolipa kiingilio kamili. Mashindano mengine yoyote yangekufa siku ile. Miezi mitatu baadaye A1 Grand Prix ikafungua milango yake, wakati ambao mtu angedhani ni mzuri kuliko wote, na dunia ikarudi kutazama Formula 1.

Bint Kizingo

Mzee wangu, shikamoo. Uzi mzuri, ila umekwenda moja kwa moja kwa marehemu na kumruka aliye hai. Formula E, mashindano ya magari ya umeme, ilianza Beijing Septemba 2014 huku watu wakiicheka kwamba ni magari ya kuchezea, na katika miaka ile ya mwanzo dereva alilazimika kuruka kutoka gari moja kwenda jingine katikati ya mbio kwa kuwa betri haikutosha. Leo gari la Gen3 Evo linaondoka kwenye mstari kwa kasi kuliko hata gari la Formula 1, likifika kilomita 100 kwa saa chini ya sekunde mbili. Tangu msimu wa 2020/21 FIA, shirikisho la dunia la mbio za magari, imeyapa hadhi ya ubingwa wa dunia. Kwa nini tuseme mlango umefungwa wakati mmoja amekwisha kuingia?

Mzee wa Tairi

Marahaba, binti. Nilimruka kwa makusudi kwa sababu simhesabu kuwa mshindani, na naamini hata wenyewe hawajihesabu hivyo. Formula E iliingia kwa mlango ambao mwenye nyumba aliufungua: ilipewa na FIA leseni ya pekee ya miaka 25 ya kuendesha mashindano ya magurudumu wazi ya umeme, ikakimbia katika mitaa ya miji ambayo Formula 1 haikuihitaji, na tarehe zikapangwa zisigongane. Huyo ni mpangaji mwenye mkataba mzuri. Kuhusu kasi, kuondoka haraka ni jambo moja na kumaliza mzunguko ni jingine. Pale Monaco, ambapo wote wawili hutumia barabara zilezile, gari la umeme bado linazidiwa kwa zaidi ya sekunde 10 kwa kila mzunguko. Lando Norris wa Formula 1 alichukua nafasi ya kwanza ya kuanzia mwaka 2025 kwa dakika 1 na sekunde 9.954.

Halafu angalia nani aliingia na nani aliondoka. Audi na BMW ziliondoka mwaka 2021, Mercedes ikafuata mwaka 2022 ikiwa bingwa. Audi ikatangaza inakwenda Formula 1. Kampuni inayotoka katika teknolojia inayosemwa kuwa ya kesho na kwenda kulipa gharama kubwa zaidi pale penye injini ya mafuta inakueleza macho ya watu yako wapi.

Fundi Wa Ilala

Wakuu, mimi naomba nizungumzie Marekani, kwa sababu ndiko mara moja tu mshindani wa nje alipokaribia, na mleta uzi hajaitaja. Nigel Mansell, bingwa wa Formula 1 wa mwaka 1992, alishindwa kuelewana na timu yake ya Williams, na mwaka 1993 akavuka bahari, akaingia mashindano ya CART, ya magurudumu wazi ya Marekani, na kuwa bingwa katika msimu wake wa kwanza. CART ilikuwa na Indianapolis 500, mbio zilizoanza mwaka 1911, ambazo kati ya 1950 na 1960 zilihesabiwa hata katika ubingwa wa dunia wa Formula 1. Ilikuwa na Australia na Kanada katika ratiba yake, wadhamini wa sigara waliomwaga fedha, na viwanda vya injini vilivyogombania nafasi. Hapo vitu vyote vinne vya mleta uzi vilikuwepo.

Waliojiua ni wao wenyewe. Tony George, aliyeusimamia uwanja wa Indianapolis, hakuridhika na namna wenye timu walivyoendesha mchezo, akaanzisha ligi yake, IRL, mwaka 1996, na katika mbio za 500 za mwaka huo akatenga nafasi 25 kati ya 33 kwa ajili ya madereva wa ligi yake. Wenye timu wa CART wakasusa na kuandaa mbio zao Michigan siku ileile, tarehe 26 Mei. Nimeitazama ile kanda mara nyingi. Magari yamejipanga, bendera ya kijani inakaribia, watangazaji wanasema hawa ndio madereva halisi, na kabla hata ya kuuvuka mstari gari la mbele linagusana na la pembeni yake na sehemu kubwa ya safu inageuka chuma chakavu. Wengi walianza upya kwa magari ya akiba. Jimmy Vasser, aliyekuwa katikati ya ajali ile, ndiye aliyeshinda kwa gari la akiba.

Baada ya hapo kila upande ulikuwa na nusu ya kitu. Mmoja alikuwa na uwanja bila madereva, mwingine alikuwa na madereva bila uwanja. Walipoungana tena mwaka 2008, NASCAR, mashindano mengine ya magari ya huko Marekani, ilikuwa imekwisha kuwachukua watazamaji.

Mzee wa Tairi

Mkuu, umeisema vizuri kuliko ambavyo ningeisema mimi, na nakubali kwamba CART ya 1993 ndiyo doa katika hoja yangu. Ila naongeza jambo moja: CART haikuwa mpya. Iliirithi Indianapolis, yenye umri mkubwa kuliko Formula 1 yenyewe, na siku ilipoupoteza urithi ule ikawa kama mashindano mengine yoyote. Wanaopanga mashindano mapya leo hawana Indianapolis ya kurithi.

Na kuna suala la leseni ambalo watu hulisahau. Ili dereva akimbie Formula 1 anahitaji leseni ya juu ya FIA, na tangu 2016 anatakiwa awe amekusanya pointi 40 katika misimu mitatu. Pointi hizo FIA ndiyo inayoamua kila mashindano yatoe ngapi. Colton Herta alikuwa amekwisha kushinda mbio saba za IndyCar, ile ligi ya Marekani iliyoungana tena, kufikia 2022 na timu ya Red Bull ilimtaka kwa ajili ya timu yake ndogo, ikashindikana kwa sababu ya pointi. Sasa fikiria kijana wa miaka 18 aambiwe aende mashindano mapya ambayo hayana pointi hata moja. Hata alipwe vizuri, babaye atamzuia.

Zamani ilikuwa mbaya zaidi. Mwaka 1999 Tume ya Ulaya iliituhumu FIA kwamba inatumia mamlaka yake ya kutoa leseni kuzuia mashindano yanayoweza kushindana na Formula 1. Kesi ilifungwa mwaka 2001 baada ya FIA kukubali kubaki msimamizi wa kanuni na kujitenga na biashara, na haki za kibiashara zikakodishwa kwa kampuni za Bernie Ecclestone, bosi wa biashara ya Formula 1 wakati huo, kwa miaka 100. Kisheria, tangu hapo uwanja uko huru. Miaka zaidi ya 20 imepita na uhuru huo haujazaa mtu.

Mpemba Wa Muscat

Assalaam alaykum. Nyote mnazungumza kama kwamba fedha zina kikomo. Huku Ghuba tumeona LIV Golf, yale mashindano mapya ya gofu: mfuko wa uwekezaji wa Saudia uliingia mwaka 2022, ukawanunua wachezaji wakubwa mmoja mmoja kwa donge ambalo hakuna aliyelitarajia, na kufikia Juni 2023 chama cha zamani kilikuwa kinakaa mezani kutia saini mapatano. Ghuba tayari ina viwanja vinne vya Formula 1: Bahrain, Abu Dhabi, Jeddah na Lusail. Mashindano ya magari yasiyo na dereva yamekwisha kufanyika Yas Marina, Abu Dhabi, Aprili 2024, kwa zawadi ya dola milioni 2.25. Mwenye viwanja na mwenye fedha akiamua kuwa na mbio zake, nani atamzuia?

Mzee wa Tairi

Wa alaykum salaam, mkuu. Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote zilizoletwa hapa, kwa hiyo nitaijibu kwa kirefu.

Mcheza gofu akihama huhama na mfuko wake wa fimbo. Kesho yake anacheza kwingine, na ni yuleyule. Max Verstappen akihama peke yake hahami na kitu. Nyuma yake kuna mji mzima: Red Bull wako Milton Keynes, Mercedes wanatengeneza chasi Brackley na injini Brixworth, Ferrari wako Maranello na wamekuwepo katika ubingwa huu tangu 1950. Ili ununue mchezo wa mbio inabidi ununue viwanda, na wenye viwanda leo hawana sababu ya kuuza. Mwisho wa 2008 Honda ilikimbia, na timu yake ikapita kwa Ross Brawn, aliyekuwa mkuu wa timu hiyo, kwa bei ya pauni moja, ndiyo, pauni moja, na mwaka uliofuata ikawa bingwa. Siku hizo kweli mtu wa nje angeweza kuja na gunia akachukua nusu ya safu ya kuanzia. Leo kuna ukomo wa matumizi tangu 2021, timu zinapata faida, na katika mwaka 2023 Liberty Media, mmiliki wa Formula 1, ilizigawia timu zaidi ya dola bilioni 1.2. General Motors, kwa kuingiza Cadillac kuwa timu ya 11 kuanzia 2026, imeripotiwa kukubali kulipa dola milioni 450 za kiingilio tu, kabla ya kununua hata msumari. Mtu anayelipa kiasi hicho ili aingie hawezi kuwa anafikiria kutoka.

Ndiyo maana nasema tishio ni la ndani, na lilikuwa kali pale timu zilipokuwa na njaa. Mwaka 1980 na 1981, wakati wa ugomvi wa FISA (tawi la michezo la FIA) na FOCA (chama cha timu), timu za Kiingereza zilitangaza shirikisho lao na Februari 1981 zikakimbia Kyalami, Afrika Kusini, bila Ferrari, Renault wala Alfa Romeo. Carlos Reutemann alishinda, Nelson Piquet akawa wa pili, na mbio hazikuhesabiwa. Mwisho wa msimu Piquet akamshinda Reutemann kwa pointi moja. Kama Kyalami ingehesabiwa, Reutemann ndiye angekuwa bingwa, na mpaka leo hilo huniuma, maana hakupata nafasi nyingine. Ugomvi wenyewe ulikwisha mapema: Machi 1981 Mkataba wa kwanza wa Concorde, yaani mapatano ya timu na wasimamizi kuhusu uendeshaji wa mchezo na mapato, ulitiwa saini na kila mtu akarudi kazini.

Mwaka 2001 viwanda vya magari vikatangaza GPWC, mashindano yao wenyewe ya kuanza 2008. Januari 2005 Ferrari ikatia saini ya kuendelea na Ecclestone, na ule mradi ukabaki jina. Mwaka 2009 timu nane, Ferrari ikiwemo, zilitangaza katika wiki ya mbio za Silverstone kwamba zinaanzisha ubingwa wao kwa sababu ya ukomo wa matumizi wa pauni milioni 40 uliotakiwa na Max Mosley, rais wa FIA wakati huo. Siku sita tu baadaye, tarehe 24 Juni, suluhu ilipatikana Paris, na Mosley akakubali kutogombea tena. Kabla mwaka haujaisha BMW na Toyota, wawili kati ya wale waliotaka kuanzisha ubingwa mpya, walikuwa wametangaza kuacha mbio kabisa.

Kuhusu Ghuba: mwaka 2023 iliripotiwa kwamba Saudia iliwahi kuipigia hesabu Formula 1 kwa bei ya zaidi ya dola bilioni 20. Iwe kweli au si kweli, habari ilikuwa ya kuinunua ile iliyopo. Wenye fedha kuliko wote wakipiga hesabu, huona kujenga nyingine kutawagharimu zaidi.

Mpemba Wa Muscat

Hapo kwenye fimbo za gofu umenipata, nakiri. Lakini usisahau kwamba mkataba una mwisho, na timu zitakapoona mgawo umepungua, viwanja vya Ghuba vitakuwa palepale.

Mzee wa Tairi

Hilo silipingi, na ndilo lile nililoanza nalo: siku hiyo wataondoka walio ndani, na mwenye viwanja atakuwa mwenyeji tu.

Bint Kizingo

Nina moja la mwisho, mzee wangu. Sote tunapima mshindani kwa jicho la Ulaya. Formula 1 haijakanyaga Afrika tangu Kyalami mwaka 1993. A1 Grand Prix, ambayo umeizika kwa maneno makali, ilikuja mitaa ya Durban miaka mitatu mfululizo, 2006, 2007 na 2008, kisha Kyalami 2009. Formula E ilikwenda Marrakesh na mwaka 2023 ikafika Cape Town. Kwa mtu wa huku kwetu, mashindano yanayokuja ndiyo makubwa. Mimi nina binamu aliyeko Durban ambaye hadi leo ukimwambia mbio za magari anaanza kukueleza kona ya ufukweni, wala hataji Monaco.

Mzee wa Tairi

Hapo, binti, nakuvulia kofia, na binamu yako tumfikishie salaam, maana nami nilikuwa na kumbukumbu kama yake kule Dubai na nikaisimulia kama kasoro. Mashindano yanayofika huwa na nguvu ambayo hesabu zangu hazikuiweka. Hata hivyo, Desemba 2024, Rais Kagame aliposimama Kigali mbele ya mkutano mkuu wa FIA kutangaza kwamba Rwanda inataka kuleta mbio za magari Afrika, alitaja Formula 1.

Bint Kizingo

Alitaja Formula 1 kwa sababu A1 ilikwisha kufa. Ingekuwa hai, huenda isingengoja kuombwa.